Mshale Ufuate Mwanga

Binti wa Mzee Ouma alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa nimeketi mlangoni nachambua mboga za managu. Sauti yake sikuijua. Aliuliza kama mimi ndiye Njeri wa zahanati, nikasema ndiye, akavuta pumzi. "Baba ametuacha," akasema. "Nimepata nambari yako kwa daftari lake, nikaona si vizuri usikie kwa watu." Nikampa pole, akaipokea vizuri, kisha akauliza kwa adabu, "Mlifanya kazi pamoja miaka mingi?" Nikamwambia mwaka mmoja tu. Nadhani alikuwa akijiuliza kwa nini mtu wa mwaka mmoja analia namna ile kwenye simu. Tangu siku hiyo nami nimekuwa nikijiuliza. Nimekaa Langas, hapa Eldoret, karibu maisha yangu yote, nimefanya kazi zahanati ileile mpaka nywele zikabadilika rangi, nimesomesha watoto wa mama yangu hadi mmoja wao, Wanja, akawa muuguzi anayeniamrisha nipunguze chumvi. Lakini mtu akiniuliza ni wakati gani niliishi hasa, sihitaji kufikiri. Ni mwaka ule, ndani ya chumba ambacho dirisha lake halikufunguliwa hata siku moja.

Jinsi tulivyobaki peke yetu sitaieleza hapa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, wadogo zangu watatu waliniita kwa jina na kunitii kama mama, na kidato cha pili nilikuwa nimekiacha kama mtu anavyoacha koti kwa jirani, akidhani atalirudia wiki ijayo. Nilipata kazi ya kufagia na kupiga deki katika zahanati moja ndogo. Mwisho wa korido kulikuwa na chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya mbegu za mahindi. Dirisha lilizibwa kwa kitambaa cheusi kilichokunjwa maradufu na kupigiliwa misumari pande zote, na harufu ya dawa ya mbegu ilikuwa bado imeganda ukutani, ikichanganyika na harufu ya rangi za maabara. Juu ya meza nzito ilikaa hadubini yenye taa kubwa mgongoni, na feni ya taa hiyo ilinguruma siku nzima kama stovu. Humo ndimo Mzee Ouma alimotafuta TB katika makohozi ya watu. Wagonjwa walitoka Langas, Sugoi, hata juu Kaptagat, wakakaa kwenye benchi la korido wakikohoa ndani ya leso na kumsengenya. "Huyu mzee anajifungia gizani kufanya nini?" nilimsikia mwanamume mmoja akiuliza. "Anapiga ramli," mwenzake akamjibu. "Wewe ngoja tu, atatoka na jina la jirani yako." Benchi zima likacheka, na kicheko kikawarudisha wote kwenye kikohozi.

Siku moja nilipokuwa nikipiga deki humo ndani alisema bila kuinua uso kutoka kwenye hadubini, "Mama Watatu, huo mti wa deki umesimama dakika tano. Unataka kupangusa ama unataka kuona?" Jina hilo alinipa alipojua nina watoto watatu ambao sikuwazaa. Nikasema, "Yote mawili, Mzee." Akasogea. Mara ya kwanza sikuona kitu ila weusi. "Usitafute," akasema. "Tulia. Acha macho yazoee." Nikatulia, na polepole vikatokea: vijistari vidogo vyembamba, vya manjano iliyochanganyika na kijani, kama nyuzi alizokata fundi wa nguo zikaanguka juu ya kitambaa cheusi. Nilisahau kupumua. Baadaye akanieleza njia ya mwanga, na hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza kitu kikakaa hivyo. Taa inatoa mwanga wa buluu, mkali. Unashuka hadi kwenye slaidi, kijidudu kilichopakwa rangi kinaupokea na kurudisha mwanga wake mwenyewe, dhaifu sana, wa kijani. Katikati ya njia kuna kisanduku cha chuma kinachoenea kwenye kiganja, chenye vioo vitatu. Cha kwanza kinachagua mwanga unaotoka kwenye taa. Cha pili kimelala mshazari, kinaugeuza uende chini. Cha tatu kiko juu, upande wa jicho. Kazi yake ni kuzuia buluu yote iliyopotea njia na kuruhusu ile kijani peke yake ipite. "Huyo wa tatu ni askari wa mlango," alisema. "Akilala, kila mtu anaingia, na wewe humwoni uliyekuwa unamngoja."

Katikati ya mwaka nilikuwa napaka rangi slaidi, naosha vyombo, na jioni kabla ya kwenda nyumbani nahesabu pamoja naye, yeye kwanza, mimi baadaye, kisha tunalinganisha. Nyumbani nilichagua maharagwe kwa mistari, kushoto kwenda kulia, kama mtu anayesoma slaidi, mpaka Wanja akawaambia wenzake nimerogwa. Ndipo Mzee alipokwenda kwa Matroni aliyeisimamia zahanati. Kulikuwa na mafunzo ya miezi sita ya wasomaji wa slaidi hapahapa mjini. Yalitaka cheti cha kidato cha nne, ila mtu asiyekuwa nacho angeweza kupokewa akiwa na barua ya mkubwa wake kwamba amefanya kazi ya maabara mwaka mzima. Matroni hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyenyooka kama rula. "Mwaka mzima bila doa, nitaandika," alisema mbele yangu. "Kukiwa na doa, nisilisikie jina lake." Nilitoka ofisini mwake nikitembea kwa uangalifu, kama niliyebebeshwa karai la mayai. Sijawahi kutaka kitu chochote, kabla wala baada, kama nilivyoitaka barua ile.

Leo nikikumbuka, ni zile saa za kungoja ndizo zinazonirudia zaidi. Balbu ya taa ile ilikuwa ya zebaki. Stima ikipotea, hata ikirudi mara moja, ilibidi kungoja nusu saa balbu ipoe kabla ya kuiwasha tena. Na stima ya Eldoret ilipotea ilipotaka. Basi tulifungua mlango, tukageuza kreti mbili, tukala. Mimi nilikuja na githeri, mahindi na maharagwe, kwenye kopo la siagi; yeye, mtu wa ziwani, samaki wa kuanikwa aliyepikwa na mkewe. "Chakula chenu ni cha adhabu," alisema akitafuna mahindi yangu. "Mtu anatafuna mpaka anasahau alikuwa na njaa." Nikamwambia afadhali githeri kuliko chakula chenye sindano. Akacheka, akachukua kipande cha samaki, akaanza kunitolea miiba mmoja mmoja na kuipanga ukingoni mwa kifuniko. Hakuna aliyekuwa ananitolea miiba wakati huo. Nilikuwa mtu wa kuwatolea wengine. Nilikula taratibu ili stima isirudi.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, kile kioo cha tatu kilianza kubanduka utando ukingoni, kama rangi ya ukuta ulioloa. Kipya kikaagizwa Nairobi, kikaja kimefungwa kwa karatasi laini, si kikubwa kuliko sarafu, na ukingoni mwa pete yake ya chuma kulikuwa na mshale uliochorwa kwa wino mwembamba. Mzee alikuwa na vidole vinene; bisibisi ile ndogo ilimtoroka kila mara. Akanipa mimi. Nilikuwa nimekwisha kukifungua kisanduku Matroni alipomwita ofisini, naye akasimama mlangoni, mkono kwenye kitasa. "Usiguse kioo chenyewe, shika pete," akasema. "Na mshale ufuate mwanga." Akaenda. Nikakaa na maneno yale. Mwanga wa kioo cha tatu unatoka chini, kwenye slaidi. Nyumbani, nikimwambia Wanja fuata maji, anachukua mtungi anaelekea yaliko maji. Basi nikaufanya mshale uelekee chini, mwanga unakotoka. Nikakaza skrubu, nikarudisha kisanduku mahali pake. Ukishakifunga, mshale hauonekani tena. Mzee aliporudi akaniuliza, "Umefuata mwanga?" Nikasema, "Umefuata." Akaridhika.

Kuanzia siku hiyo weusi wa slaidi haukuwa weusi tena. Ulikuwa kama maji yaliyomwagiwa maziwa kidogo. Nami nilidhani ndivyo kioo kipya kilivyo, maana sikuwahi kuona kipya kingine. Mzee hakulaumu kioo. Alilaumu macho yake. Alianza kuyasugua, kuyaosha kwa maji baridi ya bomba, kusoma slaidi moja kwa muda aliokuwa akisomea tatu. "Ukungu wa Kaptagat umehamia ndani ya kichwa changu," alisema, akijaribu kuufanya mzaha. Akaenda kupimwa, akarudi na miwani mipya iliyomfanya aonekane kama mtu mwingine. Haikusaidia. Kwenye benchi la korido wagonjwa walimwona akipapasa ukuta anapotoka gizani, mmoja akasema, "Sasa kipofu ndiye anatupima?" na safari hii benchi halikucheka. Siku ya kumi alinikuta nikipanga slaidi kwenye masanduku, akasema kwa sauti ndogo kwamba amemwambia Matroni atafute mtu mwingine. Hatangoja Desemba ya kustaafu kwake. "Mtu asiyeona hana haki ya kumwambia mtu kwamba hana ugonjwa," alisema. Nilitaka kumshika mkono. Nikaendelea kupanga slaidi.

Kesho yake stima ilipotea saa sita na tukala kama kawaida, mlango wazi, korido yenyewe ikiwa na giza la mvua. Alinitolea miiba. Nilitazama vidole vyake vinene vikitembea juu ya kipande cha samaki, vikisimama, vikivuta kitu ambacho mimi wa miaka kumi na tisa sikukiona mpaka alipokilaza kwenye kifuniko: mwiba mwembamba kuliko unywele. Halafu mwingine. Miwani ilikuwa mfukoni. Macho haya hayana ukungu, nikajiambia. Ukungu uko mahali pengine, na mahali penyewe mtu wa mwisho kupagusa ni mimi.

Alipokwenda msalani nilikitoa kisanduku, nikakifungua. Ndani ya boksi kilimokuja kioo kulikuwa na karatasi ambayo hakuna aliyeisoma, na Kiingereza changu cha kidato cha pili kilinitosha. Hata hivyo mchoro wenyewe haukuhitaji lugha. Mwanga ulitoka kwenye slaidi ukapanda juu kwenye jicho, na mshale ulipanda pamoja nao. Wangu ulikuwa umesimama kinyume, kama mtu anayeteremka ngazi watu wakipanda. Nikaugeuza. Stima ikarudi, balbu ilikuwa imekwisha kupoa, nikaiwasha, nikaweka slaidi ya siku ya tatu iliyosomwa kuwa haina kitu. Weusi ulikuwa weusi kama masizi. Na katikati yake, nyuzi mbili za kijani, wazi kabisa, zimelala bega kwa bega.

Nataka kuwa mkweli kuhusu dakika zile. Nilijua kwamba nikinyamaza hakuna atakayejua. Mzee angeangalia, angeona vizuri, angemshukuru Mungu na miwani. Barua yangu ilikuwa imebakiza wiki tano. Lakini slaidi za siku kumi na moja zilikuwa kwenye masanduku, na wenye makohozi yale walikuwa nyumbani kwao wakiwa wameambiwa hawana. Na mzee huyu angekwenda kwao ziwani akiamini ni kipofu, ama angebaki akiamini amepona kwa muujiza, na yote mawili yangekuwa uongo wangu. Alipoingia nilikuwa nimesimama.

"Mzee, macho yako hayana shida."

"Nani amekuambia? Umekuwa daktari?"

"Ni mshale. Niliuweka vibaya. Angalia sasa."

Akaangalia. Alikaa muda mrefu ameinama. Aliponyooka aliitoa ile miwani mfukoni, akaishika kana kwamba haijui. "Nilikuambia ufuate mwanga," akasema.

"Nikaufuata."

"Umefuata nini! Mtu akikuambia fuata lile gari, si unaenda upande gari linaenda?"

"Na mtu akiniambia nifuate unga, Mzee? Unga uko dukani. Hauendi popote."

Alinikodolea macho, kisha akaanza kucheka, kicheko kilichotoka chini kabisa, cha mtu aliyerudishiwa macho yake, akaegemea ukuta akipiga paja. "Unga!" alisema. "Wee! Unga!" Halafu kicheko kikakatika kama kilivyoanza. Akatazama masanduku. "Tumesoma slaidi ngapi tangu siku ile?"

Tulizirudia zote, siku mbili bila kutoka ila kula. Tulipata mbili zilizotupita: ya kijana aliyepika katika kambi moja ya wanariadha huko Kaptagat, na ya mama mmoja wa Sugoi. Kijana aliitwa kwa barua, akaja siku ileile aliyoipata. Mama nilimfuata mwenyewe Jumapili, nikamkuta amekaa juu ya gunia anapukuchua mahindi, leso mdomoni. Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiendelea na kazi. "Mlisema sina. Sasa mnasema ninayo. Niamini gani?" Nikamwambia, "Amini hii, mama. Ile ya kwanza ni mimi nilikosea." Akaacha kupukuchua. "Wewe? Na hawajakufukuza?" Nikasema bado. Akacheka hadi akakohoa, akajifunga kitambaa, tukatoka pamoja hadi barabarani. Alimaliza dawa zake. Kwa miaka mingi akija mjini alipita zahanati kunisalimia na kuniuliza kwa sauti kubwa kama sasa najua juu na chini.

Kwa Matroni nilikwenda mwenyewe Jumatatu. Aliniambia nitoke nje nikangoje, akamwita Mzee, na mlango ule haukuwahi kufungika vizuri. "Kosa ni la neno langu," nilimsikia Mzee akisema. "Neno halikushika bisibisi," Matroni akamjibu. "Mtu bila cheti nilimkubalia kukaa kwa mashine, na watu wawili wamerudi nyumbani na TB." Mzee akasema, "Angenyamaza, ungejua? Mimi ningejua?" Kisha Matroni akasema, si kwa ukali, "Ndiyo maana bado ana kazi. Lakini hataigusa hiyo mashine tena, na barua siandiki." Nilichukua ndoo yangu. Matroni alikuwa na haki. Barua ile haikuandikwa mwaka huo wala mwingine. Siku hizi hapo zahanati kuna mashine inayotoa majibu yenyewe bila giza wala jicho la mtu. Hadubini ilitolewa, dirisha likatiwa vioo, na chumba kile sasa ni cha kupima watoto uzito. Nimekipiga deki mara nyingi. Sijawahi kuingia humo bila kusimama kwanza ili macho yazoee.

Siku ya mwisho ya Mzee kabla ya kustaafu ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa koridoni na mti wa deki alipofungua mlango. "Mama Watatu, ingia." Nikamkumbusha kwamba sitakiwi. "Umekatazwa kugusa," akasema. "Kuangalia hakukutajwa." Nikaingia, nikaweka mikono nyuma, nikainama. Yeye alisogeza slaidi, mimi nilisema: kushoto kidogo, simama, hapo, moja; endelea; hapo, mbili, zimeshikana, zihesabu mbili. Tulikwenda hivyo mstari baada ya mstari, feni ikinguruma, bega langu karibu na lake, na nilitamani slaidi ile isiwe na mwisho, iendelee kutoka Eldoret mpaka ziwani. Ilikuwa na mwisho. Nilisema jumla yangu. Akafungua rejista. Yake alikuwa ameshaiandika asubuhi katika safu ya msomaji wa kwanza, na ilikuwa ileile. Akaandika yangu pembeni, katika safu ya msomaji wa pili, kisha akanigeuzia kitabu na kunipa kalamu.

"Weka saini."

"Matroni alisema nisiguse, Mzee."

"Alisema mashine. Hiki ni kitabu."

Mkono wangu ulikuwa na maji ya deki. Niliufuta kwenye sketi, nikatia saini, na wino ukatawanyika kidogo kwenye herufi ya kwanza. Akakiinua kitabu, akaipuliza saini taratibu mpaka ikakauka.